Fahali wa Fedha: Habari za Mji wa Sybaris na Sarafu Zake



Katika lugha yetu neno moja, fedha, lina maana mbili. Maana ya kwanza ni yale madini meupe yang'aayo, ambayo masonara hufua vikuku na pete. Maana ya pili ni kila kitu tukitumiacho kununulia na kuuzia, hata kikiwa cha shaba au cha karatasi. Neno hili latukumbusha zamani ambapo vitu hivi viwili vilikuwa kitu kimoja, na mtu aliyekwenda sokoni alichukua madini yenyewe mkononi. Leo twataka kuwasimulia habari za Wayunani waliokaa kusini mwa Italia, ambao sarafu zao za fedha ni katika zilizo nzuri kupita zote zilizopata kufuliwa. Na hasa twataka kuwasimulia habari za mji wao mmoja, jina lake Sybaris. Mji huo uliharibiwa hata mahali pake pakasahauliwa, lakini sarafu zake zimesalia mpaka leo, nazo zatoa ushahidi.

Wanafunzi na wakumbuke jambo moja kabla hatujaendelea. Miaka ya kabla ya kuzaliwa Kristo, yaani K.K., huhesabiwa kwa kurudi nyuma: mwaka 510 K.K. ulitangulia, na mwaka 443 K.K. ulikuja baadaye.

Mtu akiitazama ramani ya Italia ataona kwamba nchi ile ina umbo la kiatu kirefu kilichochovya baharini. Chini yake, kati ya kisigino na kidole, pana ghuba kubwa. Pwani ya ghuba hiyo ndiko walikofikia Wayunani wengi katika karne ya 8 K.K. Nchi yao ya asili ilikuwa na milima na mawe mengi, na mashamba yake yalikuwa machache. Basi watu walipozidi, wengine waliingia vyomboni wakatafuta makao mapya ng'ambo. Wengine walifuata biashara. Karibu na mwaka 720 K.K. watu wa Akaya waliujenga mji wa Sybaris, na baada ya miaka michache ndugu zao wakajenga Croton. Watu wa Sparta nao walijenga Taras, ambao leo waitwa Taranto. Kisha ikafuata Metapontum na miji mingine, hata nchi ile ikaitwa Uyunani Mkubwa. Lakini haikuwa nchi tupu. Wenyeji wake walikuwako tangu kale, na wengi wao walipokonywa mashamba yao ya pwani, au wakatiishwa chini ya wageni.

Sybaris ulikuwa katika uwanda wenye rutuba, kati ya mito miwili. Tena watu wake walikuwa na njia ya nchi kavu iliyokata kwenda pwani ya pili ya Italia. Bidhaa za mashariki, kama nguo za sufi za mji wa Miletus, zilishushwa bandarini kwao, zikavuka milima, zikauzwa kwa mataifa ya upande wa pili. Kwa kilimo na biashara mji ulitajirika mno. Wanahistoria wa kale wasema kwamba Sybaris ulitawala miji 25 na makabila manne, na hesabu ya askari wake waliyoitoa ni kubwa hata si rahisi kuisadiki. Na hadithi za anasa zao zilikuwa nyingi. Yasemekana kwamba mpishi aliyebuni chakula kipya aliachiwa peke yake haki ya kukipika kwa mwaka mzima, ili apate faida ya akili yake. Hata sasa katika lugha nyingi za Ulaya mtu apendaye anasa kupita kiasi huitwa kwa jina la mji huo. Lakini tusisahau kwamba hadithi hizi ziliandikwa na watu wengine baada ya mji kuanguka, na aliyeshindwa hana wa kumtetea. Shahidi aliyetoka mikononi mwa watu wa Sybaris wenyewe ni sarafu yao.

Tuseme kwanza sarafu ilitoka wapi. Watu walipima fedha kwa mizani kwa muda wa karne nyingi kabla sarafu haijabuniwa. Kila biashara ilitaka mizani, na kila mara palikuwa na shaka: je, fedha hii ni safi, au imechanganywa? Katika karne ya 7 K.K. watu wa Lydia, nchi ambayo sasa ni sehemu ya Uturuki, walianza kukata vipande vya dhahabu iliyochanganyika na fedha, wakavipiga chapa. Chapa ile ilikuwa ahadi: aliyeipiga alikuwa akisema, Mimi nathibitisha uzani na usafi wa kipande hiki. Wayunani waliona faida yake upesi, na karibu na katikati ya karne ya 6 K.K. ufundi huo ulikuwa umefika kusini mwa Italia.

Sasa na tuitazame sarafu ya Sybaris. Ni kipande cha fedha kilicho duara, chembamba, chenye upana wa karibu milimita 30, na uzani wake ni karibu gramu 8. Wazee wetu wanaoikumbuka ile shilingi yenye picha ya simba, iliyotumika Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1921, wataweza kuukisia ukubwa wake, kwani hazikupishana sana. Lakini ile shilingi ilikuwa na fedha robo tu, ilhali sarafu ya Sybaris ilikuwa karibu fedha tupu. Juu yake yuko fahali amesimama, amegeuza kichwa akitazama nyuma. Chini ya miguu yake mara nyingi zipo herufi mbili zionekanazo kama V na M. Usidhani kwamba jina limekosewa. Katika maandishi yao ya zamani sauti ya S iliandikwa kwa herufi iliyofanana na M, na maneno haya husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama maandishi ya Kiarabu. Basi ni mwanzo wa jina la mji.

Ukiigeuza sarafu utastaajabu. Upande wa pili yuko fahali yule yule, lakini hakuinuka juu; amezama ndani, kama alama ya unyayo katika udongo wa mfinyanzi. Upande mmoja ni mwinuko, na upande wa pili ni shimo lenye umbo lile lile. Sarafu za namna hii hazikufanywa na Wayunani wa nchi nyingine yoyote kwa desturi. Zilikuwa za kusini mwa Italia peke yake.

Mtu asiyejua aweza kudhani kwamba fundi alipiga upande mmoja tu, na umbo likajitokeza upande wa pili, kama afanyavyo mfua bati. Sivyo. Fundi alichonga mihuri miwili ya chuma au ya shaba ngumu. Muhuri wa chini ulichimbwa umbo la fahali kwa ndani, ukakazwa katika fuawe. Muhuri wa juu ulichongwa fahali aliyejitokeza. Kipande cha fedha kilichokwisha pimwa kilitiwa moto hata kikalainika, kikashikwa kwa koleo, kikawekwa kati ya mihuri miwili, na nyundo ikashuka. Mihuri ilipasa ikutane sawasawa, fahali wa juu juu ya fahali wa chini. Ikipotoka kidogo, sura huharibika, na kipande chembamba chaweza kupasuka. Ilikuwa kazi ya mafundi hodari sana, nao hawakutuachia hata jina moja.

Sababu ya kuchagua namna hii ngumu imejadiliwa na wataalamu kwa miaka mingi. Wengine wamesema kwamba ilikuwa kuzuia wadanganyifu wasiweze kuiga sarafu kwa urahisi. Wengine wamedhani kwamba aliyeibuni ni Pythagoras, yule mwenye hekima ya hesabu ambaye wanafunzi humjua kwa sababu ya kanuni ya pembetatu, maana aliishi Croton. Lakini Pythagoras alifika Croton karibu na mwaka 530 K.K., na sarafu za kwanza zaonekana kuwa zimetangulia kuja kwake au zimekaribiana nako mno. Kwa hiyo si wengi wanaomhesabia kazi hii sasa.

Lililo hakika ni hili: Sybaris haikuwa peke yake. Metapontum ilipiga sarafu zenye suke la shayiri, kwani mashamba yake ya nafaka yalikuwa fahari yake. Croton ilipiga kigoda cha miguu mitatu, kilicho alama ya mungu wao Apollo. Mji wa Caulonia ulipiga sura ya Apollo mwenyewe, akiwa na paa dume mbele yake. Poseidonia, uliojengwa na watu waliotoka Sybaris, ulipiga sura ya Poseidon, mungu wao wa bahari, ameinua mkuki wa ncha tatu. Chapa zilikuwa mbalimbali, lakini ufundi wa Sybaris, Metapontum, Croton na Caulonia ulikuwa mmoja, na uzani wao mmoja. Tena zilikuwako sarafu ndogo za theluthi na za sudusi kwa mahitaji madogo. Miji iliyoshindana kwa kila jambo ilipatana kwa mizani. Nchi ile haikuwa na machimbo makubwa ya fedha, hivyo madini mengi yalitoka ng'ambo kwa biashara. Twalijua hili kwa kuwa sarafu nyingine zapatikana zenye alama hafifu ya chapa ya kwanza, kama ile ya mji wa Korintho, ambayo ilipondwa ikapigwa chapa mpya juu yake.

Lakini wahenga wamesema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Croton na Sybaris walikuwa jirani na ndugu wa asili moja, na mwaka 510 K.K. wakapigana.

Mwanahistoria Diodorus asimulia hivi. Katika Sybaris aliinuka mtu mmoja jina lake Telys, akawachochea watu juu ya matajiri, akawashawishi wawafukuze watu 500 waliokuwa wakubwa wa mji na kuzitwaa mali zao. Wale waliofukuzwa walikimbilia Croton, wakaketi penye madhabahu sokoni, wakiomba kuokolewa. Telys akatuma wajumbe, akasema, Watoeni watu hao, ama jitayarisheni kwa vita. Baraza la Croton likakutana. Watu waliogopa, maana Sybaris ulikuwa na nguvu kuwapita, na wengi walikuwa tayari kuwatoa wale wakimbizi. Ndipo Pythagoras akawashauri wasiwatoe watu waliokimbilia madhabahu. Wakageuka nia, wakakubali vita kuliko kuisaliti amana.

Jemadari wao alikuwa Milo, mpiga mwereka aliyeshinda mara nyingi katika michezo ya Olympia. Wanasimulia kwamba alitoka amevaa mataji yake ya ushindi, na ngozi ya simba begani. Iko na hadithi nyingine, ambayo twaitoa kama hadithi: farasi wa Sybaris walikuwa wamefundishwa kucheza kwa sauti ya filimbi katika karamu, na watu wa Croton walipojua hayo, walipiga filimbi vitani, na farasi wakaanza kucheza. Almuradi Sybaris ulishindwa. Yasemekana kwamba siku 70 zilitosha kuumaliza. Nao washindi hawakutosheka kuteka nyara. Waligeuza mkondo wa mto Crathis, wakaupitisha juu ya magofu, hata maji na matope yakafunika nyumba na mahekalu. Herodotus ameandika kwamba habari hizo zilipofika Miletus, mbali sana ng'ambo ya bahari, watu wote wazima wa mji ule, wakubwa kwa wadogo, walinyoa vichwa vyao kwa msiba, kwa jinsi walivyopendana na Sybaris. Nasi twajua maana ya kunyoa kwa msiba.

Basi, wasikilizaji, hapo fahali yuko wapi? Sarafu zatujibu. Baada ya vita zapatikana sarafu ambazo upande wa kwanza una kigoda cha Croton, na upande wa pili, ule uliozama ndani, una fahali wa Sybaris. Hakuna kitabu kinachohitajika kueleza jambo hili: mshindi yuko juu, na mshindwa yuko nyuma.

Lakini watu wa Sybaris hawakuisha wote. Waliosalia walitawanyika katika miji mingine, wakawazalia watoto, na watoto wakasimuliwa habari za kwao. Karibu na mwaka 453 K.K. wakarudi, wakajenga tena, wakapiga sarafu. Na upande mmoja wa sarafu hizo yuko Poseidon, kwa ajili ya rafiki zao wa Poseidonia, na upande wa pili yuko fahali. Hawakukaa ila miaka mitano, watu wa Croton wakaja wakawafukuza.

Mara ya tatu waliomba msaada Athens. Waathene wakaleta vyombo na watu wengi kutoka sehemu mbalimbali za Uyunani, nao wakakaa pamoja. Hapo likatokea kosa lililowaua. Wale wa asili ya Sybaris walisema, Nchi hii ni yetu. Wakajitwalia vyeo vikubwa, wakawapa wageni vile vidogo. Wakataka wake zao watangulie kutoa dhabihu mbele ya wake za wengine. Wakajigawia mashamba yaliyo karibu na mji, na ya mbali wakawaachia wenzao. Fitina ikawaka, wale wengine wakainuka, wakawaua karibu wote. Kabila lililookoka katika maji ya mto Crathis likaangamia kwa sababu ya choyo ya mashamba na vyeo. Twaomba mlifikiri jambo hili, kwani halikuwahusu watu wa kale peke yao.

Mji ulioinuka hapo mwaka 444 au 443 K.K. uliitwa Thurii. Herodotus, baba wa historia, alikwenda kukaa huko. Sarafu za Thurii zina sura ya Athena mwenye kofia ya vita, kwa heshima ya Athens, na namna ya zamani ya chapa iliyozama ndani haimo. Pande zote mbili ni mwinuko, na kipande ni kinene zaidi. Ukigeuza upande wa pili, nani yuko pale? Fahali. Watu wa Sybaris wamekufa, jina la mji limebadilika, lakini fahali angali katika fedha. Baadaye alichorwa akienda mbio kwa hasira, pembe chini, na mara nyingi chini yake yuko samaki.

Fahali huyo alidumu mpaka zama za Warumi. Mwaka 282 K.K. watu wa Thurii, wakisumbuliwa na makabila ya bara, waliomba msaada wa Roma. Watu wa Taras wakachukizwa, wakazishambulia merikebu za Kirumi, wakamwita Pyrrhus, mfalme wa Epirus, aje awasaidie. Alikuja mwaka 280 K.K. pamoja na ndovu wa vita. Taras ilikuwa na sarafu yake mashuhuri yenye kijana aliyepanda pomboo, na katika miaka hiyo nyingine zilipigwa na ndovu mdogo chini ya pomboo. Tena uzani wake ulishuka kutoka karibu gramu 8 hata karibu gramu sita na nusu. Vita hula fedha, na mizani haifichi. Pyrrhus alishinda mara mbili kwa hasara kubwa, kisha akaondoka; na Taras ikaangukia mikononi mwa Roma mwaka 272 K.K. Baada ya mwaka 211 K.K. hivi, dinari ya Kirumi ilienea, na miji ya Wayunani ikaacha kupiga fedha yake. Kumbukeni kwamba jina hilo la dinari lilipitia kwa Waarabu, na jina la drakma ya Kiyunani likawa dirhamu, na kwa njia hiyo maneno yote mawili yamefika katika lugha yetu.

Mji wa kwanza wa Sybaris ulitafutwa kwa muda mrefu bila kuonekana. Mpaka miaka ya 1960 wataalamu, kwa vyombo vya kupimia nguvu za sumaku za ardhi, waliyapata magofu yake, yamefukiwa mita kadhaa chini ya matope ya mto. Lakini hata kabla ya siku hiyo hapana aliyeweza kusema kwamba Sybaris ni ngano tupu, maana fahali alikuwako. Na kwa kuwa mji ulianguka mwaka 510 K.K., wataalamu wana hakika kwamba sarafu zake zile za kwanza ni za kabla ya mwaka huo, na kwa hizo wameweza kuzipanga sarafu za miji mingine pia. Mji ulioshindwa ndio uliokuwa kipimo cha historia ya washindi.

Tuna neno moja la mwisho. Katika ardhi yetu pia ziko sarafu za kale. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, zilipatikana sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, za watawala wa pwani yetu wenyewe. Basi mkulima au mtoto wa skuli akiokota kipande kama hicho shambani, asikiyeyushe kwa sonara, asikisugue kwa mchanga, wala asikiuze kwa mpita njia. Akumbuke vema mahali alipokiona, na kina chake, na vitu vilivyokuwa kando yake, kisha akipeleke kwa wahusika wa mambo ya kale. Sarafu iliyotengwa na mahali pake ni kama shahidi aliyekatwa ulimi. Atazamwa tu, hawezi tena kusema alilolijua.